Mshale usiotulia: shajara ya Corolla ya Baba

Jumamosi, 4 Julai

Naanza kuandika leo kwa sababu jana fundi aliniuliza maswali matatu mepesi nikashindwa kuyajibu. Mshale wa joto unapanda ukiwa wapi? Unapanda kwa kasi au polepole? Ukishuka, unashuka wenyewe au mpaka usimame? Nilibaki kusema "unacheza tu". Akasikiliza injini kidogo, akasema hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, tufungue, na kazi nzima na kuchonga hedi itafika laki tatu na nusu. Sikukataa, sikukubali. Nilimwomba wiki mbili.

Gari ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A, gia za mkono. Lilikuwa la marehemu Baba. Sasa ndilo linalompeleka Mama kliniki ya Bombo hapa Tanga, na tarehe 18 tunatakiwa kupanda nalo Lushoto kwenye harusi ya binti wa shangazi. Kutoka Mombo ni kona na mlima kilomita thelathini na kitu. Siwezi kumpakia Mama kwenda huko na geji nisiyoiamini.

Leo asubuhi nimetoka nalo Makorora mpaka Pongwe na kurudi. Mdogo wangu kakaa mbele na kalamu, kazi yake kutazama mshale na kuandika, mimi niendeshe tu. Haya ndiyo aliyoandika:

Kange, mwendo wa mjini: chini kidogo ya nusu. Tukakamata lami ya kuelekea Pongwe, mwendo 80: mshale unateremka polepole mpaka robo. Umekaa hapo njia yote. Kurudi, foleni karibu na soko la Mgandini: unapanda polepole, nusu, robo tatu, halafu unaanguka ghafla mpaka nusu, halafu unapanda tena. Mara mbili hivyo. Mwisho, tukiwa tumeegesha nyumbani injini inanguruma, nimewasha taa kubwa ili nione kama balbu ya kulia inafanya kazi. Mshale ukaruka juu upana wa kidole. Nikazima taa, ukarudi.

Hilo la mwisho sikulitafuta, limejitokeza lenyewe. Maji hayapati moto kwa sekunde moja, wala hayapoi kwa sekunde moja.

Jumapili, 5 Julai

Injini baridi tangu usiku. Nimeanza na maji kabla ya kitu kingine chochote.

Chupa ya akiba ya maji ya rejeta imejaa, imepita hata mstari wa juu. Mtu yeyote angeitazama hiyo akafunga boneti. Nimefungua kifuniko cha rejeta, nimeingiza kidole mpaka kifundo cha pili, sijagusa maji. Nimejaza kwa chupa ya maji ya kunywa nikihesabu: lita moja na robo ndipo yakafika shingoni.

Yaani maji yanatoka rejeta kwenda kwenye chupa, hayarudi. Yakipata moto hutanuka, kifuniko kinafunguka kwa shinikizo, yanasukumwa kwenye chupa kupitia mpira mdogo. Injini ikipoa rejeta inatakiwa kuyavuta tena kwa mpira ule ule. Hapa inavuta kitu kingine, na kitu hicho ni hewa. Hewa ikishaingia inazunguka na maji, na inapopita kwenye sensa ya geji, sensa inapima mvuke na hewa badala ya maji. Nadhani ndiyo maana ya kule kuanguka ghafla Mgandini.

Nimetafuta pia dalili za gasketi, nisije nikajidanganya kwa kuwa sitaki kulipa laki tatu na nusu. Kijiti cha oili: nyeusi ya kawaida, hakuna weupe kama wa uji. Chini ya kifuniko cha oili hakuna utelezi wa kahawia. Nimewasha injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, nimesubiri dakika kumi nikitazama mapovu. Yametoka machache mwanzoni, yakakatika. Gasketi iliyopasuka kati ya silinda na njia ya maji ingeendelea kupuliza bila kukoma. Moshi wa bomba la nyuma hauna harufu tamu, na plagi zote nne zina rangi moja.

Sijaifuta gasketi kabisa kwenye orodha. Nimeisogeza mwisho.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Siku nzima ni ya gari.

Nilihitaji kujua maji yenyewe yana joto gani, mbali na geji. Jirani yetu hukusanya maziwa alfajiri na kugandisha mtindi wa kuuza, ana kipimajoto kirefu cha chuma cha pua kinachofika nyuzi 110. Nikamwendea. Akakishika kidogo kabla ya kunipa, akasema, "Mwanangu, hiki ndicho kinachonilisha. Kikinusa oili tu, mtindi wangu hauuziki." Nimekifunga mfuko mwembamba wa nailoni sehemu ya kushikia na nimemwahidi kukichemsha kwa sabuni. Kikiingia rejeta ni maji matupu tu humo, sijaweka dawa yoyote bado.

Onyo kwa mdogo wangu na kwa yeyote atakayesoma: kifuniko kimefunguliwa injini ikiwa baridi na kikabaki wazi. Haifunguliwi rejeta ya moto, hata kwa kitambaa, hata kwa haraka ya namna gani. Binamu yetu ana kovu kutoka kwenye kiwiko mpaka kifundo cha mkono kwa kosa hilo moja.

Nimening'iniza kipimajoto kwa uzi katikati ya mdomo wa rejeta, kisiguse ukuta. Nimewasha.

Jambo la kwanza nililoliona sikulitarajia. Maji yameanza kutembea mara moja. Injini baridi kabisa, nyuzi 27, na tayari unaona mkondo ukipita chini ya mdomo, vumbi dogo la kutu likikimbilia upande mmoja. Haitakiwi hivyo. Injini ikiwa baridi themostati, vali inayofunguka kwa joto, inakuwa imefunga mlango, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili yapate moto upesi, na yale ya kwenye rejeta yanatulia kama ya kisimani. Nimeandika kwa herufi kubwa: JE, THEMOSTATI IPO?

Tumesubiri. Dakika ya 10, nyuzi 52. Dakika ya 20, nyuzi 69. Geji imefika chini ya nusu kipimajoto kikiwa 76. Hapo nikamwambia mdogo wangu aingie ndani, awashe taa kubwa na feni ya upepo wa ndani kwa pamoja, mimi nibaki na macho kwenye kipimajoto.

"Imepanda, kaka! Robo tatu!"

Kipimajoto: 76.

"Zima."

"Imeshuka."

Kipimajoto: 76. Tumerudia mara tano. Mshale wa mafuta pembeni yake haukutikisika hata mara moja.

Kwa hiyo mshale una mienendo miwili, na kila mmoja una chanzo chake. Ule wa kuruka ni wa umeme, maji hayahusiki. Ule wa kutambaa ni wa kweli, maji yenyewe ndiyo yanayobadilika. Kama ningekuwa nimebadilisha sensa peke yake, kutambaa kungebaki. Kama ningekuwa nimefungua hedi, vyote viwili vingebaki.

Jumatano, 8 Julai, baada ya Magharibi

Umeme.

Sensa ya geji kwenye injini hii ina waya mmoja tu. Ile yenye nyaya mbili ni ya kompyuta, haihusiani na mshale, na watu huzichanganya dukani. Ule waya mmoja unapeleka, na njia ya kurudi ni chuma cha injini chenyewe. Nimechomoa waya, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa: mshale umelala kwenye C, yaani baridi. Nimeugusisha kwenye chuma kwa sekunde moja: umepanda kuelekea H, yaani moto. Geji nzima, waya mzima.

Basi kilichobaki ni hiyo njia ya kurudi, waya wa ethi. Nimeazima mita kwa fundi umeme wa Ngamiani, nikaiweka kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye bodi ya gari. Injini inanguruma, taa zimezimwa: volti 0.1. Taa na feni zimewashwa: 0.7. Kati ya vyuma viwili ambavyo vinatakiwa kuwa kitu kimoja! Ikizidi 0.1 tayari ni mbaya.

Hasi ya betri inatoka na matawi mawili. Tawi nene linakwenda kwenye injini, jembamba linafungwa kwenye bodi karibu na trei ya betri. Nimefungua boliti ya tawi jembamba. Chini yake palikuwa na unga wa kijani na mweupe, mkavu, ukiukwaruza unanuka kama sarafu ya zamani. Nyuzi za shaba zilizoingia kwenye pete zimebaki nne au tano, nyingine zimekatika kwa kutu ndani ya ganda la plastiki ambalo kwa nje ni zima kabisa. Upepo wa bahari wa hapa kwetu unakula kila chuma kilichoachwa wazi, tunaona kwenye mabati na kwenye nondo za madirisha, na hakuna sababu shaba ya gari isalimike.

Taa zikiwashwa, umeme wote wa taa ulikuwa unasukumana kupita kwenye nyuzi hizo nne. Bodi ikawa juu ya injini kwa volti 0.7. Geji imeshikwa kwenye bodi, sensa imeshikwa kwenye injini, kwa hiyo umeme mwingi zaidi ukapita kwenye sensa, na kwa geji umeme mwingi maana yake ni joto kubwa. Mshale wa mafuta haukuguswa kwa sababu boya lake na geji yake vyote vinarudi kwenye bodi ile ile.

Waya mpya wenye pete, shilingi 8,000. Nimepiga msasa bodi mpaka chuma cheupe, nimekaza, nimepaka grisi juu baada ya kukaza. Mita: 0.03, taa zote zikiwaka. Mshale hauruki tena.

Mama ametoka na kikombe cha chai, akauliza limepona? Nimemwambia nusu.

Jumamosi, 11 Julai

Nimefungua nyumba ya themostati. Iko mwisho wa mpira wa chini wa rejeta, nati mbili za 10, moja imefichika na inahitaji ekstensheni ndefu.

Haimo. Pako tupu, silikoni tu imepakwa kuzunguka mdomo.

Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Nilipomwonyesha tundu akakumbuka. "Baba yako lilimchemkia pale Segera mwaka ule wa msiba wa babu yako. Fundi wa njiani akatoa kitu, akamwambia hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Baba yako akamshukuru sana."

Nimeisikia kauli hiyo gereji nyingi, na inasemwa kwa nia njema, lakini si kweli na ningependa ikome. Injini haijui kama iko Tanga au Ulaya. Inataka kufanya kazi ikiwa nyuzi themanini na kitu mpaka tisini na kitu, na themostati ndiyo inayoishikilia hapo. Ukiitoa, kwenye lami injini inapoozwa kupita kiasi: ndiyo ile robo yetu ya Pongwe. Kompyuta inaona injini bado baridi, inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia, na wewe unalalamika gari linakunywa. Kwenye foleni na mlimani ni kinyume chake. Themostati ya injini hii ina bati dogo kwa nyuma linaloziba njia ya mkato ya maji isiyopita rejeta, pale mlango mkubwa unapofunguka, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Bila themostati njia ya mkato iko wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Kitu kile kile kilichotolewa ili gari lisichemke ndicho kinacholisaidia lisichemke.

Kilicholichemsha gari pale Segera nadhani ni themostati iliyokwama ikiwa imefunga. Fundi alitatua ya siku ile na Baba akafika msibani. Ila mpya haikuwekwa tena.

Nimenunua mbili katika maduka mawili tofauti, ya 12,000 na ya 25,000, zote zimegongwa 82, yaani nyuzi za kufungukia. Nimezipima jikoni kabla ya kufunga. Unabana uzi kwenye mdomo wa themostati ikiwa baridi, unaining'iniza ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, unatia moto na kipimajoto pembeni. Mdomo ukianza kufunguka uzi unaachia, themostati inadondoka, unasoma namba.

Ya 12,000 imedondoka kwenye 71. Nimeipoza nikarudia, 74. Nilipoitazama kwenye maji yanayochemka ilikuwa imefunguka upande mmoja, imekaa mshazari. Nimeirudisha. Muuzaji alibisha kidogo, nikamwonyesha kwa birika lake mwenyewe, akanirudishia hela.

Ya 25,000 imedondoka kwenye 82, mara ya pili 83. Kwenye 95 imefunguka milimita nane kamili, sawasawa pande zote. Nimeikalia kuitazama ikifunga inavyopoa, bila sauti, pistoni ndogo inarudi ndani taratibu. Ndani yake ni nta tu: ikiyeyuka inatanuka, inasukuma pistoni. Haina waya wala kompyuta.

Jumapili, 12 Julai

Siku ndefu, na kosa moja.

Maji ya zamani yametoka rangi ya chai ya rangi. Nimesuuza mara nne mpaka yakawa meupe. Yalikuwa maji ya kisima, na visima vya karibu na pwani vina chumvi. Hayo siyarudishi humo. Nimenunua kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa tayari, imeingia karibu lita 6.

Mpira mdogo unaotoka shingo ya rejeta kwenda kwenye chupa ya akiba ulikuwa na ufa mwembamba chini ya klipu. Ukisukumwa kwa shinikizo maji yanapita, yanadondoka tone moja moja hata huoni. Ukivutwa, unavuta hewa kupitia ufa kabla ya kuvuta maji kutoka kwenye chupa. Hiyo ndiyo siri ya chupa iliyojaa na rejeta iliyopungua. Mita moja ya mpira, 3,000. Kifuniko nimebadilisha pia, kilichoandikwa 0.9 (kipimo cha shinikizo) kama cha zamani, kwa sababu raba yake ya chini ilikuwa ngumu kama kucha.

Kosa: nimefunga themostati, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikiwa juu ili hewa ipite, nimekaza, nimejaza, na baada ya dakika tano kulanti inatiririka kwenye ungio. Sikuwa nimekwangua silikoni yote ya zamani. Imebaki ngozi nyembamba upande wa chini, na pete ya raba haiwezi kukaa juu ya ngozi. Nimemwaga yote kwenye beseni safi, nimefungua, nimekwangua kwa kipande cha plastiki ngumu nisije nikakwaruza alumini, nimefunga upya. Saa mbili zimepotea. Sasa pakavu.

Kutoa hewa: nimeegesha pua ya gari ikiwa juu kwenye mwinuko wa njia, hita ya ndani kwenye joto la mwisho, kifuniko wazi, nikiminya mipira ya rejeta kwa mkono. Yamepanda mapovu makubwa, maji yakashuka, nikaongeza. Safari hii maji ya rejeta yametulia kimya mpaka mpira wa chini ulipopata moto ghafla na mkondo ukaanza. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Feni ya rejeta: nimechomoa plagi ya swichi ya joto, feni imezunguka, ndivyo Toyota hizi zilivyopangwa. Nikairudisha, nikasubiri, imejiwasha yenyewe na kuzima yenyewe mara tatu.

Alhamisi, 16 Julai

Muheza na kurudi, mdogo wangu na kalamu yake. Mwendo 80, taa zimewashwa: chini kidogo ya nusu. Kusimama dakika kumi kwa wauza machungwa, injini inanguruma: pale pale. Foleni ya Mgandini: pale pale. Ukurasa mzima ameandika neno moja akachoka, akachora mstari.

Kipimajoto kimerudi kwa mwenyewe Jumatatu, kimechemshwa mara mbili. Alikinusa mbele yangu, akacheka.

Nimepita kwa fundi wa kwanza kumweleza. Amenisikiliza, ameomba kuuona waya wa zamani, akaukunja kwenye kidole, nyuzi zikakatika zote. Akauweka juu ya meza yake, akasema utabaki hapo.

Jumamosi, 18 Julai

Tumetoka saa 12 asubuhi. Segera, Korogwe, Mombo, hakuna la kuandika.

Mombo nimesimama dakika tano nikazunguka gari, hakuna tone. Tumeanza kupanda kwa gia ya tatu na ya pili. Hapa ndipo kifuniko nacho kinapohitajika: Lushoto ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwenye sufuria ya wazi maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kifuniko kikishika shinikizo, kulanti haifiki kuchemka. Kisiposhika, unakutana na mvuke mlimani injini ikiwa haijafikia hata joto la kutisha.

Kona za kabla ya Soni, lori la mbao mbele yetu, mwendo wa mtu anayetembea: mshale umepanda unene wa uzi juu ya kawaida, nikasikia feni, ukarudi. Soni ukungu, taa nimewasha. Haukuruka. Mama alikuwa ananitazama mimi, hatazami geji. "Endesha, mwanangu," akasema. "Unatazama hicho kisaa kama unamtazama mgonjwa."

Jumapili, 19 Julai, Lushoto

Asubuhi, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nimetoka kabla wenyeji hawajaamka, nimegusa injini, baridi kabisa, nimefungua kifuniko. Kulanti imefika shingoni. Chupa ya akiba iko katikati ya mistari miwili, pale pale nilipoiacha Tanga.